Vidato 463 na Fundi Asiyetajwa

Kule Florence, Italia, kuba la kanisa kuu la Santa Maria del Fiore hulipandi hivi hivi. Unakata tiketi yenye siku na saa. Ukichelewa, imekula kwako. Tulikuwa kundi dogo, kila mmoja na kidude cha redio sikioni, tukimfuata mama mmoja aliyeinua mwavuli uliofungwa. Vidato 463, lifti hakuna. Wenye kizunguzungu waliambiwa mapema wabaki chini.

Nilidhani tunapanda kwenda kuangalia mji. Kumbe tunapita ndani ya ukuta! Kuba lile ni magamba mawili, moja ndani ya jingine, na ngazi zinajipenyeza katikati, nyembamba hata mwenye begi anapita ubavu ubavu. Njiani mama yule akasimama, akamulika matofali kwa tochi ya simu. Mengi yamelala, lakini kila baada ya kipande linakuja moja lililosimama wima, na hayo yaliyosimama yanapanda mshazari, safu juu ya safu. Wenyewe wanauita mtindo huo mfupa wa samaki. Mimi niliona ukili wa bibi yangu. Tofali lililosimama huyazuia yaliyolala yasiteleze kabla chokaa haijashika. Kwa ujanja kama huo Filippo Brunelleschi, kati ya 1420 na 1436, alilifunika tundu lenye upana wa zaidi ya mita 40 bila kujenga kiunzi cha mbao cha kulibeba kuba kutoka chini. Na mtu huyo hakuwa mwashi. Alianza kazi akiwa sonara.

Mandhari ya juu ni nzuri, vigae vyekundu mpaka vilimani, lakini kilichonikaa moyoni ni yale matofali. Tuliposhuka tukaambiwa kaburi la Brunelleschi limo humo humo kanisani. Tukaambiwa pia kwamba taasisi iliyoanzishwa mwaka 1296 kusimamia ujenzi ipo hadi leo, ina karakana yake mtaa wa nyuma, na wachongaji wanabadilisha marumaru zilizochoka.

Nilipokwenda likizo nyumbani Unguja, nikafanya kitu ambacho mzaliwa wa Mji Mkongwe hakifanyi: nilijiunga na ziara ya watalii. Si papasi wa kukuganda njia nzima, bali kijana anayeijua kazi yake. Redio za masikioni hatukuwa nazo, wala saa ya kukimbizana nayo. Alisalimia kila baraza, akasimama kunywa juisi ya miwa, akatungoja wote. Kwa hilo, Florence wasubiri.

Lakini nikaanza kuhesabu majina. Beit-el-Ajaib, alijenga Sultani Barghash, 1883. Kanisa la Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, alijenga Askofu Edward Steere, naye kazikwa nyuma ya altare. Alijenga, alijenga, kana kwamba Sultani alikoroga chokaa mwenyewe. Ndani ya kanisa kijana akatuonyesha nguzo fupi zilizosimamishwa kichwa chini, miguu juu: mafundi, alisema, walikosea Askofu alipokuwa safarini. Watalii wakacheka. Nami nilicheka, kisha nikashtuka. Hadithi pekee ya fundi niliyoisikia siku ile ilikuwa ya kosa lake.

Upande mmoja wa Beit-el-Ajaib ulipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, tulililia jumba la Sultani. Ila jumba halisimamishwi tena na jina la mwenye nyumba. Linahitaji mikono inayolijua jiwe lake.

Kwenye nyumba moja kongwe nikamuuliza kijana: kwa nini vyumba vyetu ni virefu lakini vyembamba hivi? Akasita. Akajibu mzee aliyeketi barazani, kofia kapakata gotini:

"Boriti, mwanangu. Mkoko haukupi mti mrefu wa kuvuka chumba kipana. Chumba hufuata boriti."

Kijana akayarudia maneno yale kimoyomoyo, midomo ikicheza. Tulipoingia nyumba iliyofuata, kabla hajamtaja tajiri aliyekuwa akikaa humo, aliwaambia wageni wainue macho juu, watazame dari.