Nimekula gari Tokyo

Kwanza niwajibu wale walioniuliza: hapana, sikuona roboti wakitembea barabarani. Nilikwenda Japani kwa semina ya waandishi wa habari ya wiki mbili, na kitu kilichonifuata kila nilipokwenda kilikuwa tangawizi. Mimi ni mtoto wa Myamba, Same, Upareni. Kwetu tangawizi ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba, na ndiyo iliyonifikisha Mlimani kusoma. Sikutegemea kusafiri mbali vile nikaikute imenitangulia mezani.

Siku ya pili mwenyeji wangu alinipeleka kula gyudon, yaani bakuli la wali na nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba kama karatasi. Watu wamekaa kwenye kaunta, kimya, kila mtu na bakuli lake, dakika kumi mtu ameshamaliza na kuondoka. Wali wao unashikana, hivyo vijiti vinauokota bila taabu. (Mpunga na Wajapani si habari mpya kwetu. Skimu ya umwagiliaji ya Ndungu, kule bondeni chini ya milima yetu, ilijengwa kwa msaada wao.) Mbele yangu palikuwa na kijisanduku cha vitu vyekundu vilivyochanwa kama njiti. Unachota utakavyo, bure. Nikatia kinywani: tangawizi! Nikauliza inaitwaje.

"Shoga," akasema.

Nilicheka mpaka jirani yangu akaacha kula. Ikabidi nimweleze mwenyeji kwamba kwetu mwanamke humwita rafiki yake hivyo. Maana ile nyingine ya vijiweni nikaiacha. Kesho yake tukala sushi, samaki mbichi juu ya tonge la wali. Nilimeza, nisiulizwe zaidi. Pembeni kulikuwa na vipande vyembamba vya rangi ya waridi, vimelowekwa kwenye siki na sukari. Unakula kipande kati ya samaki huyu na yule ili kinywa kisahau aliyepita. Tangawizi tena. Na hii je?

"Gari."

Jamani! Miaka yote wanatuletea magari, kumbe mengine wameyabakiza ya kula.

Kwa upande wa magari yenyewe, nilijisikia nipo stendi ya Same. Noah zilezile, vigari vya mizigo vyenye maandishi yaleyale tunayopanda nayo milimani bila kujua yanasema nini. Yale ya mlangoni nimeulizia: yanasema mlango unajifungua wenyewe. Mwambieni konda.

Nitalipita haraka suala la muda, maana kila anayekwenda Japani anarudi analihubiri. Ni kweli, treni ikichelewa kidogo wanaomba radhi. Lakini hili la kusema Mwafrika hajui saa mimi silikubali. Upareni tuna ndiva, mabwawa ya kienyeji yanayokusanya maji usiku na kufunguliwa asubuhi, kila shamba na zamu yake. Ukichelewa zamu yako, maji yamekwenda kwa jirani, na hakuna wa kukuomba radhi. Mtu huheshimu saa pale anapojua ataikosa kitu.

Kilichoniuma ni supamaketi. Pande moja la tangawizi, gramu 100 hivi, limeoshwa, limefungwa kwenye nailoni kama dawa, na juu yake limeandikwa lilikotoka. Moja limetoka China. La pembeni yake limetoka Kochi, mkoa wao unaoongoza kwa kulima tangawizi, na bei yake ni zaidi ya mara mbili ya lile la China. Kwa macho yangu yalikuwa sawa. Nilisimama pale nikamwona mama mmoja mtu mzima akiyageuza yote mawili, akarudisha la China, akachukua la Kochi. Alilipia jina la mkoa.

Rafu ya pili yake, kahawa, pakiti imeandikwa Kilimanjaro. Kahawa ya Tanzania huuzwa Japani kwa jina hilo. Kwa hiyo Mjapani analijua jina la mlima wetu mmoja, na analilipia. Milima ya Pare iko mkoa huohuo wa Kilimanjaro, lakini tangawizi yetu inashuka kwenye lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu ambalo serikali imelipiga marufuku na bado linapita. Dalali ndiye anayetaja bei, mkulima anaitikia. Ikifika Dar haina kwao. Ni tangawizi tu, fungu sokoni. Najua kuna kiwanda cha tangawizi Mamba Myamba, na magazeti yameandika sana habari zake, mimi mwenyewe nikiwemo. Ila nyumbani kwetu mwaka huu gunia limeondoka lile lile, kwa kilemba kile kile.

Nilirudi na pakiti moja ya gari, yeni 150, nikapanda nayo Myamba. Mama aliinusa, akatafuna kipande kimoja taratibu.

"Hii wameing'oa changa," akasema. "Sisi tukiing'oa hivi watu si watatucheka?"

Nikamwambia ndivyo wanavyoipenda. Akauliza bei. Nikamtajia kwa shilingi, 2,000 na ushee, kwa vipande ambavyo havijai kiganja. Akanyamaza. Halafu akauliza, "Na dalali anachukua ngapi hapo?"

Sikuwa na jibu. Akaingia jikoni akatoka na kisu na pande la tangawizi, akaanza kukata. Kipande cha kwanza kilitoka kinene kama muhogo, akakitupia kuku. Cha nne kilikuwa kinapitisha mwanga. Akakiinua dirishani akakitazama, kisha akaniuliza siki inauzwa wapi.

Myamba hatukuipata. Nimemtumia chupa mbili kutoka Same, kwa Noah ya jioni.