Mvua ya Vuli, Njia ya Morningside

Siku za jua, nikikimbia Morogoro nasindikizwa. Bodaboda wanapiga honi: "Dada, panda nikuwahishe!" Vijana wa kijiweni wananihesabia hatua, moja mbili, moja mbili, wanacheka. Mzee mmoja aliniuliza, kwa upole kabisa, nani ananifukuza.

Mvua kubwa ya vuli inawaweka wote chini ya mabati. Ndiyo maana Novemba, wingu likiufunika Uluguru hadi kiunoni, wenzangu wanajivutia shuka, mimi nafunga kamba za raba. (Radi ikianza nageuza. Sijachoka kuishi.)

Njia ya Morningside ikilowa haina huruma. Kwenye mpando udongo mwekundu unang'ang'ania soli mpaka kila mguu unakuwa tofali. Kwenye mteremko, udongo huohuo unageuka sabuni. Nakanyaga majani ya pembeni, hatua fupi fupi, mikono nimeitanua kama kuku anayeruka ua. Vijito vinakatiza njia bila hodi. Maji haya yatashuka Ngerengere, yataingia Ruvu, na huenda mtu wa Dar akayafulia nguo.

Mama mmoja anashuka na mkungu wa ndizi kichwani, peku, kasi kunishinda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole na mvua."

Haulizi nakwenda wapi. Anajibana ukingoni, napita.

Sasa ni zaidi ya saa nzima tangu nitoke nyumbani, na sina tena pa kulowa. Naimba kwa sauti, vibaya, na hakuna anayegeuka.