Bata wa Almasi na Mafuta ya Taa ya Bibi



Wiki hii tulikusudia kuwaandikia juu ya paa la kigango na michango iliyobaki. Paa litasubiri. Tangu Jumatatu kuna jambo jingine linalotukosesha usingizi, nalo ni jambo ambalo baadhi yenu mtaona halilingani na umri wetu wala kazi yetu: mchezo wa bata kwenye kompyuta.

Jumatatu jioni alitutembelea mpwa wetu anayesoma chuo mjini Iringa. Ukungu ulikuwa umeshuka mapema, kama ilivyo desturi ya Kilolo, na baada ya chakula hapakuwa na la kufanya ila kukaa karibu na jiko la mkaa. Kijana akafungua kompyuta yake ya mpakato, akabonyeza hapa na pale, kisha akacheka. "Mjomba, njoo uone mchezo wa wazee." Tukasogea na kikombe chetu cha chai. Kwenye skrini alikuwa amesimama bata mzee mwenye kofia ndefu, miwani na mkongojo. Kikombe tulikiweka chini, na chai hiyo hatukuinywa tena.

Bata huyo anaitwa Scrooge McDuck. Alibuniwa na mchoraji wa Marekani, Carl Barks, mwaka 1947, na jina lake linatokana na yule bahili Scrooge wa hadithi ya Krismasi ya Charles Dickens iliyotoka mwaka 1843. Mwaka 1987 kampuni ya Disney ilimtolea katuni ya televisheni iitwayo DuckTales, na mwaka 1989 Wajapani wa kampuni ya Capcom wakaigeuza katuni hiyo kuwa mchezo wa mashine ya Nintendo. Ni mchezo wa mtindo ule wa zamani: bata anatembea kushoto au kulia, na dunia yote inasogea pamoja naye. Hakuna kuzunguka nyuma ya mti wala kuchungulia pembeni. Ni kwenda, kuruka na kuanguka. Silaha yake ni mkongojo. Akiuelekeza chini hudundadunda juu yake kama chura, na adui akidundwa kichwani amekwisha. Anachotafuta ni hazina tu. Kuna mahali ukipita, almasi hutokea hewani pasipokuwa na kitu, na mahali hapo sisi watoto tulipakariri kwa bidii kuliko katekisimu.

Ndiyo, sisi watoto. Tulikutana na bata huyu mwaka 1994, tukiwa na umri wa miaka 13, tukiishi kwa shangazi mjini Iringa kwa ajili ya shule. Karibu na soko palikuwa na chumba kimoja chenye benchi, televisheni ndogo na mashine iliyoigiza ile ya Nintendo, moja ya zile zilizotengenezwa Asia kwa bei nafuu na kusambaa hadi kwetu. Kucheza zamu moja kulikuwa shilingi 20. Ikumbukwe kwamba televisheni ya Tanzania Bara ilianza mwaka huohuo wa 1994, tena huko Dar es Salaam (Wazanzibari walikuwa nayo tangu miaka ya 1970), hivyo katuni yenyewe hatukuwahi kuiona. Tulikuwa na bata asiye na hadithi, basi tukamtungia ya kwetu. Tulisema ni mzee wa Kihehe aliyekwenda manamba kwenye mkonge wa Tanga, akarudi mikono mitupu, na sasa anatafuta mali ili wajukuu wake wampokee. Wajukuu ni wale bata wadogo watatu wanaojitokeza humo mara kwa mara. Mpaka leo tunaona hadithi yetu ilikuwa nzuri kuliko ya Disney.

Mchezo una safari tano: Amazon, Transylvania, migodi ya Afrika, Himalaya na Mwezini. Mchezaji hujichagulia pa kuanzia. Huko Mwezini bata anapumua bila shida yoyote, na muziki wake, uliotungwa na Hiroshige Tonomura, unasifiwa na wachezaji wa nchi nyingi hata sasa. Lakini sisi Mwezini hatukwenda. Tulikuwa shule ya msingi, Kiingereza kilikuwa bado ni mapambo ya ubaoni, na katika majina yale matano tulilitambua moja tu, Afrika. Tukaenda huko kila zamu. Shuleni tulikuwa tumefundishwa kwamba almasi ya Tanzania iko Mwadui, ilikogunduliwa na Williamson mwaka 1940, basi tukaamini kabisa kwamba bata yuko Shinyanga. (Jumatatu tulitazama kwa macho ya utu uzima tukaona kwamba katika migodi ile ya Afrika hamna Mwafrika hata mmoja, hata mlinzi wa getini. Wakati ule jambo hilo halikutugusa hata kidogo.)

Shida ilikuwa moja. Mgodi ulikuwa umefungwa. Kila tulipoufikia, maandishi ya Kiingereza yalitokea kwenye kioo, tukaambiwa jambo, nasi hatukujua tumeambiwa nini. Mwenye chumba naye hakujua, au hakuona faida ya kutueleza. Tuliamini kwamba tumedunda vibaya, au kwamba kuna almasi tuliyoiruka, na kwamba zamu moja zaidi ingetosha.

Siku moja ya Juni Bibi, mama yake baba, alishuka mjini kutoka kijijini huku Kilolo na gunia la njegere. Alipouza akatukabidhi fedha za mafuta ya taa na chumvi, akaenda hospitali kumjulia hali ndugu yetu mgonjwa. Tulikuwa tumefunga shule. Jioni ile tulikuwa tupande naye kwenda kijijini. "Mume wangu," alituambia, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao, "usichelewe, lori halimsubiri mtu." Tukaenda moja kwa moja kwenye kile chumba. Tulianza na sarafu moja ya chumvi. Jua lilipoelekea kuzama hapakuwa na chumvi wala mafuta, na mgodi ulikuwa bado umefungwa.

Hapa inatubidi tuandike polepole. Kwa desturi ya ukurasa huu tunasema "sisi", na tutaendelea hivyo, lakini aliyefanya linalofuata alikuwa mmoja. Nyuma ya ukuta wa soko tuliingiza vidole kwenye mfuko wa kaptula tukauchana mpaka chini. Tulipofika Ipogolo, Bibi akiwa amekwisha kupanda lori la mbao, tulimwonyesha mfuko ule tukalia. Machozi yalikuwa ya kweli, jambo ambalo hatujalielewa hadi leo.

Bibi hakusema neno kubwa. Alisema, "Basi." Usiku ule, Juni ya Kilolo mnaijua, nyumba ilikuwa na mwanga wa moto wa kuni peke yake. Tulikula ugali na maharage yasiyo na chumvi. Baada ya kula Bibi alileta sindano na uzi, akasogea karibu na moto, akatuomba tumtungie uzi kwa kuwa macho yake yalikuwa yamechoka. Tukautunga. Akaushona mfuko ule kwa mishono midogo, akauvuta kwa kidole kuhakikisha kuwa umeshika, akaturudishia kaptula.

Bibi alifariki mwaka 2003 tukiwa seminarini. Kosa lile tulikwisha kuliungama miaka mingi kabla ya hapo, tukapewa malipizi, na ondoleo tulilopata halina kasoro. Tunalifundisha hilo na tunaliamini. Lakini Bibi mwenyewe hatukumwambia. Kila likizo tulisema tutamwambia, na kila likizo tulimkuta amefurahi mno kutuona.

Turudi Jumatatu. Mpwa wetu alituachia kompyuta, na vidole vyetu vikaenda vyenyewe kwenye orodha ya safari, vikachagua Afrika. Tukashuka, maandishi yakatokea, na kwa mara ya kwanza maishani tukayasoma. Yanasema kwamba ufunguo wa mgodi uko Transylvania. Hayasemi zaidi ya hapo. Fedha yote ile ya njegere tuliimaliza kwenye mlango ambao ufunguo wake uko katika safari nyingine kabisa, ndani ya jumba la mizimu lenye vioo vya kupoteza watu njia, na hata tungedunda hadi usiku wa manane usingefunguka.

Tulikwenda kuuchukua. Tulianguka mashimoni mara nyingi, na hapo ndipo kijana alipotuonyesha jambo ambalo hatukulijua. Mchezo huu aliupata ndani ya mkusanyo wa michezo ya zamani ya Disney uliotolewa mwaka 2017, na waliouandaa waliongeza kitufe cha kurudisha muda nyuma. Bata akitumbukia, unakibonyeza. Anapanda kutoka shimoni kinyumenyume, anatua ukingoni, na shimo linakuwa halijatokea. Mwanzoni tulicheka sana. Tulikibonyeza labda mara kumi. Kisha tukamwambia kijana kwamba kitufe hicho tusingependa kukitumia tena. Akauliza kwa nini, tukamjibu kuwa kinaharibu mchezo. Lilikuwa jibu la kweli, ingawa halikuwa lote. Karibu na saa 5 usiku mgodi ulifunguka, tukashuka hadi chini, tukapambana na mfalme wa viumbe wa ardhini na tukaitwaa almasi kubwa. Kijana alitupigia makofi. Sisi tulikuwa tunawaza habari ya mtoto mwingine.

Wengi wenu mnamfahamu, kwa sababu tuliwafahamisha sisi wenyewe. Miezi michache iliyopita mmoja wa watumishi wa altare alichukua shilingi 3,000 za mishumaa akaenda kuzimaliza kwenye kibanda cha gemu. Jumapili iliyofuata, kwenye matangazo, tulisimama mbele yenu tukavilaani vibanda hivyo pamoja na mashine za dubwi katika sentensi moja, kana kwamba mpira wa kwenye runinga na kamari ni kitu kimoja. Tena hatukuishia hapo. Tulisema mtoto ni wa nani. Tulimsimamisha utumishi wake bila kutaja mwisho wa adhabu. Mama yake aliirudisha fedha hiyo katika siku ya tatu, senti kwa senti. Jina la mtoto sisi hatujalirudisha.

Wizi wa fedha za mishumaa ni wizi, na hatuandiki ili kuupunguza. Lakini tulipokuwa tunazungumza pale mbele tulikuwa na sauti ya mtu ambaye mfuko wake haujawahi kuchanwa. Hatukuwa na haki ya sauti ile. Bibi yetu aliibiwa mafuta ya taa, na hakumwita hata jirani mmoja aje kushuhudia.

Jumatano alasiri tulikwenda nyumbani kwao. Mama alikuwa anamenya viazi mlangoni. Alipotuona akafuta mikono haraka na kututolea kigoda, na tuliona wazi kwamba anaogopa tumekuja na shauri jipya. Kijana alitoka ndani akasema shikamoo kwa sauti ya chini akiangalia ardhi. Tuliwaomba radhi wote wawili. Mama alisema yamekwisha, Padre, kama watu wanavyosema kwa padre. Hatukutaka yaishe kirahisi hivyo, ndipo tukawasimulia habari hii yote, tangu gunia la njegere hadi ile sindano. Vilevile tuliwaomba ruhusa ya kuiandika hapa, kwa kuwa tulimwaibisha mbele ya watu, na radhi ya pembeni isingetosha. Walituruhusu. Mama alitaka kwanza kujua kama jina litakuwamo. Tulimwahidi kuwa halitakuwamo.

Kijana alisikiliza bila kuinua kichwa mpaka tulipomaliza. Kisha akauliza:

"Padre, kwa hiyo mgodi ulifunguka?"

"Ulifunguka Jumatatu."

"Ndani kuna nini?"

"Almasi moja kubwa."

Akafikiri kidogo. "Na yule Bibi, hakujua kwamba mfuko ulichanwa makusudi?"

Tulikuwa tunatafuta jibu, na mama akatutangulia, akiwa amekwisha kurudi kwenye viazi vyake. "Alijua, Padre," alisema. "Nguo iliyochakaa na nguo iliyochanwa hazifanani. Ukishika sindano tu unajua."

Zaidi ya miaka 30 na hatukuwahi kuliwaza hilo. Tulikaa pale muda kidogo. Mama aliendelea kumenya, kijana akaenda kuchochea moto, na hakuna aliyetuharakisha. Tulipoaga, ukungu ulikuwa umefika hadi kwenye miti ya uani, na kijana akatusindikiza mpaka barabarani akitumulikia kwa tochi ya simu ya mama yake.

Jumapili hii atatumikia Misa ya kwanza, saa 1:00 asubuhi.