Kuteremka Bonde la Ufa kwa Pikipiki

Mtu atokaye Limuru kwenda Mai Mahiu huteremka ukingo wa Bonde la Ufa kwa barabara iliyojengwa na mateka Waitaliano wakati wa Vita Kuu ya Pili; kanisa lao dogo la mwaka 1942 lingali kando ya njia. Mlima Longonot huonekana, nao wapendeza. Lakini mpanda pikipiki na ayaweke macho yake njiani, kwa maana kona ni nyingi na malori ni mazito.

Pikipiki ndogo yenye tairi za meno marefu ni njema kwa matope ya shambani. Juu ya lami mambo ni mengine: ncha za meno tu ndizo zigusazo njia, nazo hupinda chombo kilalapo, na lami ikilowa huteleza upesi. Basi punguza mwendo kabla ya kona, chombo kingali wima. Shika breki zote mbili kwa upole, nawe uteremshe gia ili injini isaidie kuzuia. Ukiisha kuingia, breki ya ghafula yaweza kulitelezesha gurudumu. Tazama kona inakoishia, wala si korongoni, maana chombo hufuata macho. Shika upande wako wa kushoto, usikate kona. Aliyepakia mtu au gunia na azidi kupunguza mwendo.

Haraka haraka haina baraka. Dakika tano zilizopatikana mlimani hazimfai mtu ambaye watoto wake wamngoja nyumbani.