Mama wa Dawa ya Maji

Tulipokuwa matangani kwa marehemu ambaye wachota maji wote wa mtaa wa Kyeshero walimwita Mama, wala hawakuhitaji kumwongezea jina, kijana mmoja mwenye adabu zake aliniinamia sikioni akaniuliza, "Baba, huyu mama alikuwa akilipwa na shirika gani?" Sikumghadhibikia, maana amezaliwa katika zama ambazo kila tendo la hisani hapa Goma huvaa fulana yenye nembo, lakini swali lake halikuniacha nilale, na kwa sababu yake nimeshika kalamu.

Mgeni auonaye mji umeketi kando ya ziwa Kivu hudhani kwamba hatujui kiu, ilhali sisi wenyeji twajua kuwa mawe ya volkano huinywa mvua kabla haijatuama, kwamba mabomba ya kampuni ya maji ya Regideso aghalabu hutoa upepo mtupu, na kwamba maji ya nyumba nyingi hupanda kutoka ufukweni juu ya baiskeli, bidoni za manjano za lita 20 zikiwa zimekazwa kwa mipira, naye mchota maji akisukuma kwa miguu, jasho likimtiririka. Maji hayo yasipotiwa dawa huleta kipindupindu, na maafa yake hapa Goma mwaka 1994 hayana haja ya kusimuliwa. Mama alianza kazi yake ya kuyatia dawa mwaka ule, au uliofuata. Jamaa zake nimewauliza, wakahitilafiana, nami nimeliacha.

Aliketi ufukweni juu ya jiwe jeusi, mbele yake ndoo yenye kifuniko, mkononi bomba la sindano lisilo na ncha. Alivuta dawa, akaliinua kwenye jua ili aione mistari, akamimina katika kila bidoni kiasi kisichojaa kijiko cha chai, kisha akasema, "Mwanangu, funga, tikisa, na huko nyumbani wangoje nusu saa ndipo wanywe." Aliyethubutu kupita bila kusimama aliitwa kwa jina la mama yake mzazi, kwa sauti iliyofika hadi barabarani, naye akarudi. Harufu ya klorini ilikuwa imekizoea kitenge chake hata Jumapili, kanisani, ukiingia umechelewa ulijua ameketi upande gani.

Lakini fadhila yake kubwa niliiona baada ya tarehe 17 Januari 2002, siku ya Alhamisi, lava ilipopita mtaa wa Birere ikakata mji vipande viwili. Tuliporudi kutoka Gisenyi tulikokimbilia, ardhi ingali moto chini ya viatu, Mama aliwakusanya wale vijana wa baiskeli akawaambia kwamba kila Jumamosi safari ya kwanza ya baiskeli ni ya Mungu, yaani ya wajane, wazee na wagonjwa wasio na wa kuwachotea, na kwamba haina ujira. Wakakubali, wao ambao chakula cha siku kilitoka katika bidoni zile zile! Nawakumbuka wakipanda msafara mmoja, kengele zikilia, matairi yakipasuka kwa makali ya mawe mapya, na fundi wa baiskeli akiwafuata na gundi yake, akiziba bila kudai hata faranga moja.

Kisha mashirika yakaongezeka. Sikatai kheri waliyotenda. Wengi wako hai kwa ajili yao, na vipimo vyenyewe Mama alifundishwa na wahisani. Ila pamoja na fulana ilikuja posho, na pamoja na posho mkataba wa miezi, na mkataba ukiisha ndoo hupakiwa garini, nao vijana wa fulana huondoka kana kwamba kipindupindu nacho kimemaliza mkataba. Hilo linaniuma. Mei 2021 volkano ilipoharibu hodhi kubwa na mabomba, watu wapatao 500,000 wakakosa maji salama, Mama, magoti yamekwisha kumlemea, alishuka tena ufukweni kwa fimbo. Hapakuwa na aliyemwita.

Jiwe lake Kyeshero halina mtu tangu alipofariki. Nyinyi vijana wa baiskeli mliokuzwa naye, gawaneni zamu kuanzia Jumatatu hii; nasi tunywao maji mnayoyapandisha tuchange bei ya klorini, mtaa kwa mtaa, bila kungoja mradi.