Kipimamvua kiwekwe wapi kwenye barabara ya Kalehe?

Katika teritware ya Kalehe, Kivu ya Kusini, barabara ya kitaifa namba 2 inapita kati ya mlima na ziwa. Upande mmoja mashamba ya mihogo na migomba yanapanda juu, upande mwingine ni mitumbwi ya wavuvi wa sambaza. Nafasi iliyobaki katikati ni ndogo, na humo ndimo wakaaji wamejenga nyumba, soko, masomo na makanisa. Mto ukishuka kwa nguvu hauna pahali pengine pa kupita.

Ndivyo ilivyokuwa siku ya Alhamisi, tarehe 4 Mei 2023, pale Bushushu na Nyamukubi. Kule Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Zaidi ya watu 400 walipatikana wamekufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Siku chache kidogo kabla ya hapo, mvua ilikuwa imeua zaidi ya watu 130 ng'ambo, nchini Rwanda. Baadaye wanasayansi wa kikundi cha World Weather Attribution walitaka kujua kama mabadiliko ya hali ya hewa yaliongeza mvua ile. Walishindwa kutoa jibu, sababu vipimo vya mvua vya eneo hili vilikuwa vichache mno. Familia zilizika watu wao, na hesabu ya mvua yenyewe haikuweza kufanywa inavyopaswa.

Kwa hiyo mitambo ya kupima hali ya hewa inahitajika, na barabara ndiyo njia ya kuifikia. Lakini iwekwe wapi? Mara nyingi jibu linatoka kwenye gari: pale linaposimama bila shida, karibu na soko au ofisi, ndipo mlingoti unasimikwa, picha zinapigwa, wageni wanarudi Bukavu kabla ya mangaribi. Hapo ni pahali pazuri kwa picha. Kwa mvua ni jambo lingine.

Shirika la Dunia la Hali ya Hewa linashauri kipimamvua kisimame mbali na mti au nyumba, angalau mara mbili ya urefu wa kitu hicho. Mugomba wa metre 4 unadai metre 8. Mukaratusi wa metre 20 unadai metre 40. Kwa upepo ni kazi zaidi: mlingoti wa metre 10, na nafasi wazi mara kumi ya urefu wa kizuizi, yaani metre 200 kutoka kwa ule mukaratusi. Nani kando ya ziwa ana metre 200 zilizo wazi, bila nyumba wala shamba la mtu? Heri upepo uachwe, feza ziende kwenye mvua na mito, maana hiyo ndiyo inayoua hapa.

Tena kuna vumbi. Pembeni kabisa ya barabara ya udongo, kila lori linalopita linatupa vumbi ndani ya kipimamvua. Tundu linaziba, maji hayashuki, na chombo kinaandika kwamba hakuna mvua wakati watu wamelowana. Metre chache ndani ya kiwanja, nyuma ya uzio, zinasaidia sana.

Lakini jambo kubwa ni mlima. Mvua inayoua chini inaweza kunyesha juu, wakati sokoni kuna matone tu. Milimita 1 ya mvua ni litre 1 kwa kila metre ya mraba. Milimita 50 juu ya kilometre moja ya mraba ni litre milioni 50, na mteremko ukiwa mkali, miti ikiwa imekatwa, maji hayo hayakawii njiani. Chombo cha sokoni kitayatangaza wakati mmoja na kelele za watu. Hivyo barabara ipewe kitu kingine, ubao wa kupimia kina cha mto kwenye daraja, wenye rangi ambazo hata mtoto wa masomo anasoma. Kipimamvua chenyewe kipande juu, kwenye vijiji ambavyo motari anafika kwa shida.

Huko juu kuna maswali mengine. Rezo ya simu inashika? Pano sola na batiri zitalala usiku ngapi kabla ya kuibwa? Mradi wa TAHMO, unaoweka vituo vya hali ya hewa katika nchi nyingi za Afrika, unapenda viwanja vya masomo, na wana haki: kuna uzio, kuna mwalimu, na wanafunzi wanajifunza kusoma namba. Kituo cha afya pia kinafaa. Kilele cha mlima kikwepwe, hata kama kinapendeza kwenye karta. Katika eneo la vita, watu wenye silaha nao wanapenda vilele, na mlingoti wenye antena unaleta maswali ambayo mlinzi wake hawezi kujibu. Shefu wa kijiji na wakaaji waelezwe mapema chombo kinafanya nini na kinatuma nini.

Na wale waliohama? Familia zilizofukuzwa na maji, na zile zilizofukuzwa na risasi, zinajua mabonde waliyoyaacha: kijito gani kinabeba mawe, wapi udongo ulipasuka kwanza, mto uligeukia wapi. Mara nyingi hawaitwi kwenye mkutano, sababu hawako tena kwenye orodha ya kijiji. Mama anayelala leo chini ya shitingi anaweza kuonyesha pahali pa chombo vizuri kuliko karta iliyochorwa kutoka angani.

Inabaki simu. Namba ikipanda saa nne ya usiku, inamfikia nani? Ikienda Kinshasa peke yake, Bushushu inalala. Anatakiwa mtu mwenye jina linalojulikana, mwenye yuniti na batiri, ambaye anaweza kuamsha redio ya jamii, shefu na mlinzi wa kanisa mwenye kengele. Mtu huyo achaguliwe siku ileile ya kuchagua kiwanja, na wa pili achaguliwe pia, kwa siku ambazo wa kwanza amesafiri.