Mpira wa Vinyoya Wafaa Nini?

Watu wengi wa kwetu hufikiri kwamba mchezo ni jambo la watoto na vijana wa shule. Mtu akisha kuoa, akisha kupata watoto na kazi, huona haya kukimbia mbele ya watu. Basi, sisi Wakongomani tunaokaa huku Denmark, Ulaya ya kaskazini, twataka kuwaeleza tuliyoyaona juu ya jambo hilo. Si jambo dogo, maana ni shauri la uzima.

Nyumbani tulikuwa tukitembea. Kwenda shambani, kuteka maji, kwenda sokoni, yote yalikuwa kwa miguu. Huku kazi nyingi ni za kukaa au kusimama mahali pamoja, na safari ni za basi na gari moshi. Mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi ya mchana. Mtu atoka kazini gizani, aingia nyumbani, afunga mlango, akaa. Baada ya miaka michache tuliona matokeo yake: matumbo kunenepa, pumzi kukatika kwenye ngazi, na wenzetu kadhaa wakaambiwa na daktari kwamba damu yao ina msukumo mkubwa mno. Tena kulikuwa na ugonjwa mwingine usiopimwa kwa chombo cho chote, ndio upweke.

Katika mtaa wetu kuna jumba la michezo, na jirani zetu hucheza humo mpira wa vinyoya, ambao wao huuita badminton. Denmark ni nchi ndogo, lakini katika mchezo huu ni kubwa. Poul-Erik Høyer alipata medali ya dhahabu katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Viktor Axelsen aliipata mara mbili, katika michezo ya Tokyo iliyofanywa mwaka 2021, na tena Paris mwaka 2024. Lakini waliotushangaza sisi si mabingwa hao, bali wazee wenye mvi waliokuja kila juma na raketi zao. Walipotukaribisha, mama mmoja wa kwetu alikataa, akasema: «Baba, mimi mwenye wajukuu wanne nirukeruke kama mbuzi?» Mzee mmoja wa hapo akampa raketi mkononi bila maneno mengi. Siku hizi mama huyo ndiye anayetupigia simu tukichelewa.

Kwa nini mchezo huu wafaa mwili? Kinyoya chenyewe ni kizibo kilichochomekwa manyoya 16 ya bata bukini, na uzito wake haufiki gramu 6. Kwa kuwa ni chepesi, hata mtu asiye na nguvu aweza kukirusha kupita juu ya wavu. Lakini hakiruhusiwi kugusa chini, kwa hiyo mchezaji hana budi kwenda mbele, kurudi nyuma, kuinama, kunyosha mkono, kisha kupumzika kidogo na kuanza tena. Moyo huenda mbio, hutulia, huenda mbio tena, na hivyo huzoea kazi. Miguu hupata nguvu, macho na mikono hujifunza kupatana upesi. Na mtu anayekimbiza kinyoya hakumbuki saa, wala hahesabu jasho lake.

Tena waganga wa Copenhagen walilichungua jambo hili kwa muda mrefu. Peter Schnohr na wenzake walifuata maisha ya watu 8.577 kwa muda uliofika miaka 25, wakatangaza matokeo mwaka 2018. Waliona kwamba wacheza mpira wa vinyoya waliishi miaka 6,2 zaidi kuliko watu wasiofanya mchezo wo wote. Wapanda baiskeli walizidi kwa miaka 3,7, na wakimbiaji kwa miaka 3,2. Wataalamu hao walidhani kwamba kucheza pamoja na wengine huenda kukawa sehemu ya faida hiyo.

Lakini tusidanganyane. Hesabu hizo hazisemi kwamba raketi yamwongezea kila mtu miaka 6. Huenda wanaocheza walikuwa tangu mwanzo na afya au mali kuliko wengine. Sisi wenyewe hatukuona mwujiza. Mwenzetu mmoja mwenye ugonjwa wa msukumo wa damu alicheza mwaka mzima mara mbili kwa juma, akapunguza na chumvi. Daktari akampunguzia dawa, lakini hakumwachisha zote. Mwenyewe asema kwamba alichopata zaidi ni usingizi, na watu wa kumwuliza habari yake.

Yako na mambo ya kuangalia. Mwenye ugonjwa wa moyo amwulize daktari kwanza. Kabla ya kuanza, mtembee na kunyosha miguu, kwa sababu mshipa mkubwa juu ya kisigino hukatika mara nyingine kwa watu wazima wanaoruka ghafula. Na mchunge macho: kinyoya kilichopigwa kwa nguvu karibu na wavu chaweza kuumiza jicho vibaya.

Ninyi mlio nyumbani msiseme kwamba mchezo huu wataka jumba la Ulaya. Kiwanja cha wachezaji wanne ni meta 13,40 kwa meta 6,10, na wavu hufungwa juu kadiri ya meta 1,55. Kamba kati ya miti miwili yatosha kwa kuanza, na vinyoya vya plastiki hudumu kuliko vya manyoya. Adui wenu ni upepo tu, basi mchague asubuhi au mahali penye ukuta. Shirika la Afya la Dunia lashauri mtu mzima apate dakika 150 za mwendo wa kutosha kila juma. Gawanyeni hizo katika siku tano, mtaona ni nusu saa tu kwa siku. Haba na haba hujaza kibaba.

Na baba wa nyumba asingoje mpaka kazi iishe ndipo aangalie mwili wake. Kazi haiishi. Mwili ndio unaoisha mbele ya kazi.